Mwanangu, Usiteremke Kitonga na Taa Ile

Morogoro, Desemba

Mwanangu Neema,

Picha uliyotutumia juzi ukiwa umeshika usukani imempendeza sana mama yako, na amekwisha kuionyesha kwa kila jirani aliyepita hapa kuchota maji. Mimi niliikuza kwenye simu ili niione dashibodi, nikaiona taa ya manjano yenye herufi ABS inawaka ilhali gari linaunguruma. Taa hiyo huwaka kidogo unapowasha gari, kisha huzimika. Isipozimika, ujue mfumo wenyewe, ule wa kuzuia magurudumu yasijifunge na kuacha kuzunguka unapokanyaga breki, umejiondoa kazini. Nimeona nikuandikie, kwa maana kwenye simu utaniitikia, "Sawa, baba," kisha utaondoka Mbeya kama ulivyopanga.

Najua utasema kwamba breki zinashika. Ni kweli zinashika, kwa kuwa ABS ikijizima breki za kawaida hubaki. Unachokosa ni msaada wa siku ya dharura. Kila gurudumu lina sensa inayosoma kasi yake, na ukikanyaga breki kwa nguvu, kompyuta ikaona gurudumu moja linataka kujifunga wakati gari bado linakwenda, hupunguza msukumo wa mafuta ya breki kwenye gurudumu hilo na kuurudisha, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Tairi lililojifunga huserereka tu wala halisikii usukani: utakata kulia kulikwepa lori, na gari litakwenda moja kwa moja mpaka chini ya lori hilo. Tairi linalozunguka ndilo linaloelekezeka.

Nilipokufundisha kuendesha nilikuambia ukanyage na kuachia, ukanyage na kuachia. Ndivyo tulivyofundishwa sisi, na katika Land Rover yangu yalitufaa, ingawa Bosch na Mercedes-Benz walikuwa wamekwisha kuitoa ABS ya kielektroniki tangu mwaka 1978. Katika gari lako hayo ni makosa, na ningepaswa kukuambia mapema. Ikiwa ABS ni nzima, kanyaga mpaka mwisho, shikilia, kisha uelekeze usukani pale penye nafasi. Pedeli itatetemeka chini ya mguu wako na utasikia mkwaruzo kama wa kitu kinachosagika. Watu wengi huogopa hapo wakaachia, nawe usiachie. Ila kwenye changarawe uache nafasi kubwa zaidi mbele yako, kwa kuwa huko ABS yaweza hata kurefusha umbali wa kusimama. Lakini taa ikiwa inawaka, umerudi kwenye mafunzo yangu ya zamani, na sitaki uyajaribie kwenye mteremko wa Kitonga wakati wa mvua, lori mbele na basi nyuma.

Na ujue kwamba haikuzimika ABS peke yake. Mfumo wa kuzuia gari kuserereka, ule wenye taa ya kigari kilichoacha michirizi ya nyoka, hutegemea sensa zilezile. Huo hulinganisha pale usukani unapoelekea na jinsi gari linavyogeuka kweli. Mkia ukianza kutoka nje ya kona, hubana breki ya gurudumu la mbele la upande wa nje peke yake na kupunguza nguvu ya injini, ili gari lirudi kwenye mstari. Mwaka 1997 Mercedes-Benz A-Class ilipinduka huko Sweden ikijaribiwa kukwepa kizuizi cha ghafla, na baada ya hapo kampuni ikauweka mfumo huo katika magari yote ya aina hiyo. Wewe unao tayari, na umeuacha umelala.

Nilifurahi kusikia kwamba ulibadilisha tairi peke yako pale Makambako bila kumwita mtu. Kaka yako asingeweza. Lakini lile la akiba ni dogo kuliko mengine, na gurudumu dogo huzunguka upesi zaidi, kwa hiyo huichanganya kompyuta. Kama bado umelivaa, litoe. Hata hivyo, sidhani kama taa imeanzia hapo. Kabla sijakukabidhi gari tulibadilisha beringi ya nyuma kushoto, na fundi alinionyesha waya wa sensa uliokatika, akaufunga kando kwa kipande cha mpira. Nilimwambia tutautazama siku nyingine. Nawe uliponiuliza kuhusu taa, nilikujibu kwamba magari ya Japani yana taa nyingi. Basi mwelekeze fundi wa huko aanzie nyuma kushoto, apime kwa mashine badala ya kubahatisha, wala usimruhusu kuchomoa balbu ili taa ionekane imezimika. Gharama nitatuma mimi.

Mwambie pia abadilishe mafuta ya breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na kwenye mteremko mrefu yakichemka pedeli huzama bila kushika, jambo ambalo ABS hailitibu. Kwa hiyo hata taa ikizimika, Kitonga utateremka kwa gia ndogo, breki zikipumzika.

Mama yako anataka magunia mawili ya mchele wa Kyela. Nimemwambia moja latosha, kwa sababu uzito huo wote utakuwa unakusukuma mteremkoni. Amenuna, lakini mchele uliopo utatufikisha Januari. Bati la jikoni bado linavuja, nalo litasubiri, kwa kuwa fedha yake ndiyo nitakayokutumia ya sensa.

Kabla hujaondoka Mbeya nitumie picha nyingine, gari likiwa limewashwa. Uso wako mama yako anao tayari. Mimi nataka dashibodi.

Baba yako.