Nilitoka Malindi nikafika kabla ya gari lenu: malalamiko ya alamu ya nyumba, Tudor, Mombasa

Kwa Meneja wa kampuni ya ulinzi,

Salaam aleikum. Ningeanza kwa kuwauliza habari za kazi lakini kazi yenu nshaiona kwa macho yangu, kwa hivyo twende kwa maneno yenyewe. Mimi ni kastoma wenu tangu 2021, nyumba iko Tudor, akaunti nambari nimeiandika nyuma ya bahasha. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 9 Agosti nimevunjiwa nyumba, na alamu yenu haikulia. Sisemi ililia kidogo ama ililia ikachelewa, la, haikutoa hata sauti ya kuku akikohoa.

Tulikua Malindi sote kwa harusi ya mpwa wangu. Kabla hatujatoka alamu niliiweka mwenyewe na mamangu kasimama nyuma yangu, maana yeye mashine haziamini, mpaka aione taa nyekundu ndo avae buibui. Taa ikawaka. Tukaenda zetu. Saa tano usiku stima ikapotea mtaa mzima, hilo kwetu si jambo la kushangaza, na baada ya hapo wezi wakaingia, saa ngapi hakuna ajuaye kwa sababu hakuna kilicholia. Aliyegundua ni jirani yangu mama wa mahamri ambaye huamka saa kumi kukanda unga, akaona dirisha langu la jikoni liko wazi na grili imeng'olewa imeegemezwa ukutani vizuri kabisa kama inangojea fundi. Akachukua sufuria na mwiko akapiga mtaani mpaka vijana wakatoka, wezi washajiendea zao lakini angalau kuna watu walitoka, kisha akanipigia simu saa kumi na dakika kumi. Huyu mama mimi sijawahi kumlipa hata ndururu ya ulinzi. Nyinyi nawalipa 3,500 kila mwezi.

Nikapiga ile nambari yenu ya dharura iliyo kwa stika ya geti. Mara ya kwanza haikushikwa. Ya pili nikawekewa muziki. Ya tatu akashika bwana mmoja sauti imejaa usingizi akaniuliza, "Tudor gani?" Tudor gani! Kwani Mombasa ziko ngapi bwana? Akasema gari la bakapu, la walinzi wa kuja kusaidia, latoka sasa hivi. Haya, sisi nasi tukapakiana kwa Probox ya shemeji, saa kumi na nusu hiyo tukatoka Malindi, tukapita Gede, Kilifi, Mtwapa, tukavuka daraja la Nyali, kilomita kama 120 hizo, na saa kumi na mbili na dakika arobaini nimesimama mbele ya geti langu. Gari lenu halijafika. Lilikuja saa moja na robo, vijana wawili wameshuka na rungu, na dereva akaniambia ati kulikua na jam Makupa. Jumapili. Alfajiri. Jam. Mamangu alicheka mpaka akakaa chini, na siku hiyo hakua na sababu yoyote ya kucheka.

Walichochukua nimekiandikisha polisi na nambari ya OB, kile kitabu chao cha matukio, iko kwa kopi niliyoambatanisha. TV, laptop ya binti yangu ya chuo, mtungi wa gesi wa kilo 13, mkufu wa mamangu, na pampu ya maji ambayo mwajua wenyewe Mombasa hii bila pampu maji yakija hayapandi tangini. Mpaka mbuzi ya kukunia nazi wamebeba, sijui walikua wana wageni.

Sasa hapa ndo nataka msome polepole. Baada ya polisi kwenda nilimwita binamu yangu ambaye ni fundi wa stima tukafungua kile kisanduku chenu cha alamu kilicho kwa stoo. Betri ya ndani ni ile ile mliyoitia 2021, imefura tumbo kama samaki bunju. Betri za aina hiyo maisha yake ni miaka mitatu hadi mitano, na kwa joto hili letu huwahi kufa, na kila mwaka mnanilipisha sevisi, kijana wenu anakuja anapangusa vumbi ananipa karatasi nitie sahihi. Kwa hivyo stima ilipopotea saa tano na alamu nayo ikalala. Tukatoa laini ya simu iliyomo ndani, ile ambayo kisanduku hutumia kuwapigia nyinyi ofisini, tukaitia kwa simu yangu, imefungwa. Haijatiwa kredi muda mrefu mpaka kampuni ya simu ikaikata. Laini yenu hiyo, si yangu, kwa kontrakti mmeandika wazi kuwa mwailipia nyinyi.

Mwisho binamu akasoma kumbukumbu za mashine kwa kile kiskrini chake kidogo. Mara ya mwisho kuwasiliana na ofisi yenu ni tarehe 3 Novemba. Novemba! Mashine kama hizi hutuma salamu ofisini kila siku, kitu cha kusema tu mie niko hai, na salamu isipofika ofisi inatakiwa ijue kuna shida impigie mwenye nyumba. Maana ya hilo ni kwamba kutoka tarehe 4 Novemba mlikua mwajua, ama mlitakiwa mjue, kwamba nyumba yangu iko kimya. Miezi tisa na zaidi. Hakuna aliyenipigia, lakini tarehe moja ikifika meseji ya kunikumbusha bili haijakosa hata siku moja, hiyo laini yake ina kredi.

Kuna na hili la dirisha la jikoni. Mwezi wa Machi nilileta malalamiko kuwa alamu inalia ovyo usiku, kijana wenu akaja akasema ni mjusi kafiri anatembea juu ya sensa, kweli inawezekana, zile sensa huona joto likisogea na mjusi akipita juu ya kioo chake huonekana mkubwa kama mtu. Dawa yake ni kusafisha, kuhamisha sensa, ama kutia ya aina nyengine. Yeye alichofanya ni kuizima sehemu yote ya nyuma, "kwa muda tu," akasema atarudi na sensa mpya. Hajarudi mpaka leo. Na wezi nyumba nzima yenye madirisha tisa walichagua dirisha la jikoni. Mie sisemi kijana wenu ni mwizi, kumsingizia mtu ni dhambi, lakini polisi waliniuliza nani alijua upande ule umezimwa na jibu nililokua nalo ni fupi sana. Pia pasiwadi ya fundi ya kufungulia mipangilio ya alamu bado ni ile ya kiwandani, binamu aliijaribu mara ya kwanza ikafunguka. Nambari nne zinazofuatana. Hata sanduku la mtoto la kuekea sarafu lina pasiwadi kushinda hiyo.

Fensi ya stima sitaisema sana. Nyumba iko karibu na maji, chumvi yala kila kitu, mlitakiwa muweke waya wa alumini ama stenlesi, mkaweka waya ambao sasa ukiushika wabaki na unga mwekundu mkononi. Kamera nazo zilifanya kazi nzuri tu nadhani, zikarekodi kila kitu, isipokua kile kisanduku cha kurekodia fundi wenu alikiweka chini ya TV ukumbini kwa sababu, alisema, waya ulikua mfupi, basi wezi walipobeba TV wakabeba na sura zao.

Bibi yangu Mji wa Kale aliishi na mlango mmoja wa mbao mzito, komeo kwa ndani, na baraza mbele ambapo wazee walikaa na kahawa mpaka usiku, na asiye wa mtaa akipita aulizwa watoka wapi waenda kwa nani. Sasa mimi nimelipa 68,000 za kuwekewa mitambo na bado nimeokolewa na mwiko. Tangu Jumapili ile nimemwita fundi wa welding hapa mtaani, grili mpya ameipigilia kwa vyuma vilivyoingia ndani ya ukuta si skrubu za kufunguliwa na mtu yeyote, nimetia taa ya sola nyuma ya jikoni, tumekata tawi la mwarobaini lililokua ngazi ya bure, na majirani tumenunua filimbi kila nyumba moja. Zote hizo hazijafika elfu 20.

Ninachotaka ni hiki. Najua kwa kontrakti mmeandika kwa herufi za sisimizi kuwa hamhusiki na mali ikiibwa, sawa, TV sitawadai. Nadai pesa za kazi ambayo haikufanyika: kutoka Novemba mpaka Agosti bili 10 za 3,500, hiyo ni 35,000, zirudi kwa M-Pesa ile ile mlikokua mkizichukua. Pili nataka kumbukumbu za ofisi yenu za akaunti yangu kutoka Novemba, nione nani alikua zamu na aliona nini. Tatu nijibiwe kwa maandishi nani aliamuru sehemu ya nyuma izimwe, na jibu hilo kopi iende kwa afisa wa polisi aliye na kesi. Nne, mfute ramani ya nyumba yangu na nambari za familia yangu kwa kompyuta zenu, hiyo ni haki yangu chini ya sheria ya data ya 2019, na baada ya haya sitaki mtu yeyote ofisini kwenu ajue mlango wangu wa nyuma uko wapi.

Nawapa siku 14. Zikipita nitaandikia mamlaka inayosimamia kampuni za ulinzi iliyowekwa na sheria ya 2016, na nitaenda mahakama ya madai madogo, ambayo inasikiza madai mpaka milioni 1 na haihitaji wakili, na mimi nimestaafu, muda ninao. Msinitumie kijana wa mauzo kuniambia kuna paketi mpya yenye ofa. Ameshakuja mmoja Jumatano, na kalenda.

Stika yenu nimeibandua getini. Mashine zenu ziko kwa gunia stoo, njooni mzichukue mchana, si usiku, na mtakayemtuma apige hodi kwanza kwa mama wa mahamri, funguo za kwangu siku hizi anazo yeye.

Wenu,
Kastoma wa Tudor, geti la kijani