Malalamiko kuhusu matairi yasiyo ya kipimo nilichoagiza

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: MATAIRI MAWILI YA BAISKELI YALIYOLETWA KIMAKOSA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua baiskeli kuukuu ya safari ndefu, na kwa kuwa mfuko wangu ni mdogo, nimekuwa nikiifufua mwenyewe kidogo kidogo: nimebadilisha waya za breki, nimetia grisi mpya kwenye ekseli, na kwa jioni mbili nimekaza na kulegeza spoki 36 za gurudumu la nyuma mpaka rimu ikaacha kuyumba. Yalibaki matairi tu. Katika oda yangu niliandika kwamba rimu ni za inchi 27 na kwamba tairi la zamani limechapwa ubavuni 32-630. Mliniletea matairi yenye lebo yenu ya "27", nami nikaiamini.

Ukingo wa tairi una waya wa chuma usiovutika. Nilipoanza kulivalisha, ukingo wa kwanza wenyewe uligoma, likabaki pengo la upana wa kiganja, na kijiti cha kuvalishia kikanikatikia mkononi. Hapo ndipo nilipolifuta tairi vumbi na kusoma ubavuni: 32-622. Namba ya kwanza ni upana. Ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, zote kwa milimita. Milimita 8 zilizopungua hazilazimishwi kwa nguvu za mikono.

Ofisi yenu ilinijibu kwamba 27 na 700C, jina la kipimo kingine cha tairi, ni kitu kimoja. Si kweli. 700C ni 622, na hata matairi yanayouzwa kwa jina la inchi 29 ni 622, yaani hukaa kwenye rimu ndogo kuliko ya 27 yangu. Majina ya inchi yanapotosha kiasi hicho, ndiyo maana nilijihangaisha kuwaandikia milimita.

Niliambiwa pia ninunue magurudumu mapya. Ushauri huo uliniumiza, kwani bei yake inazidi ile niliyonunulia baiskeli nzima. Tena, kwa kuwa rimu za 622 ni ndogo, vipande vya breki vingepaswa kushuka milimita 4, yaani nusu ya zile 8 za kipenyo, ilhali vyangu vimeshafika mwisho wa nafasi yake.

Mlikataa kuyapokea matairi kwa madai kwamba yameshajaribiwa. Yamejaribiwa kwa sababu lebo yenu ilisema ni ya 27. Picha nilizoambatanisha zinaonyesha lebo hiyo, namba ya ubavuni na mkwaruzo mmoja mdogo uliotokea.

Kwa hiyo naomba, ndani ya siku 14, mniletee matairi mawili ya 630, au mnirudishie fedha zangu zote pamoja na gharama za usafirishaji wa kwenda na kurudi. Naomba vilevile milimita ziandikwe kwenye maelezo ya kila tairi mnalouza, kwa kuwa wanaotengeneza baiskeli za zamani kwa akiba ndogo hawana fedha ya kununua mara mbili.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu