Tahadhari ya programu ije nzima ndani ya mlisho

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaoandaa milisho (RSS, yaani orodha ya habari ambayo programu ya kusomea huichukua yenyewe) ya habari za usalama wa programu. Wengi hutuma kichwa cha habari, mstari mmoja uliokatwa katikati, kisha "bofya hapa usome zaidi". Kwa habari za michezo sawa. Kwa tahadhari, hapana.

Mkasa wa xz, programu ya kubana mafaili kwenye Linux, uliopewa namba ya utambulisho CVE-2024-3094, ulitangazwa tarehe 29 Machi 2024. Kichwa kinachosema "Linux yakutwa na mlango wa siri" kinamtia kiwewe bure fundi anayehudumia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, za Tandahimba na Newala. Anachokihitaji ni mistari mitatu: matoleo yenye mlango huo ni 5.6.0 na 5.6.1, andika amri dpkg -l liblzma5 uone toleo lako, Debian 12 (aina mojawapo ya Linux), yenye 5.4.1, haikuguswa. Akishasoma hayo anaendelea na kazi yake, hata kiungo hajakifungua.

Na kiungo chenyewe huenda kisifunguke. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikasuasua nchi nzima. Maandishi yaliyokwisha kuingia kwenye simu yanasomeka hata siku kama hiyo.

Hofu ya bando naielewa, lakini tupige hesabu. Tahadhari ya maneno 300 ina kama kilobaiti 2, hivyo tahadhari 20 ni kilobaiti 40. Picha moja ya simu inazidi hapo mara nyingi. Mzigo mkubwa hutoka kwingine: simu ikiuliza kila nusu saa na seva ikarudisha mlisho wote, ni mara 48 kwa siku, karibu megabaiti 2. Seva ikiwekewa ETag, alama ya kutambua kama mlisho umebadilika, hujibu 304, yaani "hakuna kilichobadilika", bila kutuma maandishi tena. Rekebisheni hapo kabla ya kukata maneno.

Ndani ya mlisho viwemo jina la programu, matoleo yenye mwanya, toleo lililozibwa mwanya, kama wadukuzi wameshaanza kuutumia mwanya huo, na la kufanya kwa asiyeweza kusasisha leo. Picha, uchambuzi mrefu na msimbo wa kushambulia vibaki nje.

Marekebisho ndiyo yanayoponza wengi. Desemba 2021 Log4j, programu ya kuweka kumbukumbu za matukio inayotumiwa ndani ya programu nyingine, ilitoa 2.15.0 kuziba mwanya, ikaonekana haitoshi, zikafuata 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1, zote ndani ya mwezi huo. Mwandishi akibadilisha maneno huku akiacha kitambulisho (namba ya kuitambulisha habari ndani ya mlisho) kilekile, programu nyingi za kusomea haziionyeshi kuwa habari mpya, na aliyeishia 2.15.0 analala akijua amemaliza. Kosa la herufi lisahihishwe palepale. Toleo la kuweka likibadilika, toeni tahadhari mpya yenye kitambulisho chake, na kichwa kitaje namba hiyo.

Kabla ya kuchapisha, pitisheni mlisho kwenye kikaguzi cha XML, lugha ambayo mlisho huandikwa kwayo. Alama moja ya & isiyoandikwa & yaweza kufanya mlisho wote ukataliwe, na programu nyingine hukaa kimya bila kutoa taarifa yoyote. Msomaji akiangalia simu haoni kitu, akadhani wiki hiyo hakuna tahadhari.

Fundi wa mifumo ya kompyuta,
Shangani, Mtwara