Barua kwa mpwa wangu aliyeizima Bags & Trane

Mpwa wangu,

Nimepata ujumbe wako kwamba umeisikiliza albamu ya jazi ya Bags & Trane ndani ya daladala, wimbo mmoja na nusu, ukaizima kwa sababu inaleta usingizi. Sikulaumu. Umeingilia mlango wa uani.

Toleo ulilonalo simuni ni lile la CD, linaloanza na "Stairway to the Stars". Huo ni wimbo wa taratibu, na kwenye santuri yenyewe haukuwamo. Milt Jackson, ambaye jina lake la utani ni Bags, na John Coltrane, ndiye Trane, waliingia studio ya Atlantic mjini New York tarehe 15 Januari 1959, wakamaliza kila kitu siku hiyohiyo. Santuri ilipotoka mwaka 1961 ilibeba nyimbo tano tu. Zilizobaki ziliongezwa baadaye, na mpangilio ukavurugika. Jipangie upya: "Bags & Trane", "Three Little Words", "The Night We Called It a Day". Hapo nyanyuka unywe maji, kwa sababu ndipo santuri ilipokuwa inageuzwa. Kisha "Be-Bop" na "The Late Late Blues". Zile tatu za nyongeza ziache kwa siku nyingine.

Na usitegemee jazi ya Tabora Jazz wala Morogoro Jazz. Kwetu neno hilo lilikuwa jina la bendi za dansi, magitaa mbele. Hapa gitaa halimo kabisa. Kuna vibrafoni ya Jackson, saksafoni ya tenor ya Coltrane, piano ya Hank Jones, besi ya Paul Chambers na drams za Connie Kay. Basi.

Sasa hiyo vibrafoni, maana naona umeichukulia kama kengele za mapambo. Fikiria marimba ya mbao za kugonga (siyo ile ya Wagogo ya vidole gumba), halafu mbao uzibadilishe ziwe mabamba ya alumini. Ya kawaida ina mabamba 37, oktavu tatu. Chini ya kila bamba linaning'inia bomba lililozibwa chini, lenye urefu unaolingana na sauti ya bamba lake: la F ya chini kabisa linakaribia nusu mita, na kadiri unavyopanda ndivyo linavyofupika. Mdomoni mwa kila bomba kuna kisahani kinachozungushwa na mota. Kikifunga, sauti inafifia, kikifungua, inavimba. Ule mtetemo unaousikia unatoka hapo. Lionel Hampton, mpiga vibrafoni mwingine, aliukimbiza mbio. Jackson aliupunguza mno, hadi noti ikasikika kama mtu anayepumua. Jaribu kwenye "The Night We Called It a Day": chukua noti moja anayoiacha ining'inie, ufuatilie inavyojaa na kupungua mpaka ife. Kwenye spika ya simu, tena ndani ya gari, huwezi kuisikia. Faili iliyobanwa sana nayo huigeuza kuwa maji yanayochemka. Tafuta hedifoni, uvae masikio yote mawili, kwa kuwa stereo za miaka ile zilipenda kuwatawanya wapigaji kulia na kushoto.

Mguuni kuna pedali. Ukiikanyaga, ubao wenye kitambaa kizito unaachana na mabamba, na sauti inaendelea kulia; ukiiachia, inakatika. Wanaoanza hukosea hapo: wanakanyaga moja kwa moja, noti kumi zinalia moja juu ya nyingine, zinakuwa uji. Sikiliza "Be-Bop", wimbo wa mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, ambaye Jackson na Coltrane wote wawili walishapita kwenye bendi zake. Unakwenda kasi ya kutisha, na bado kila noti ya Jackson imesimama peke yake. Mguu wake unafanya kazi sawa na mikono.

Wewe mpuliza saksafoni, hapa ndipo pa kukaa. Ungetegemea saksafoni iwe ndiyo yenye sauti ndefu, kwani anayepuliza anaweza kuivuta noti, akaivimbisha, akaipinda. Bamba likishagongwa limegongwa. Kuanzia sekunde hiyo sauti inakufa tu. Lakini kwenye santuri hii wamebadilishana. Coltrane wa mwaka 1959 yuko kwenye kile ambacho mwandishi Ira Gitler alikiita mashuka ya sauti: anamimina noti nyingi hata pumzi haionekani ilipo. Mwenye subira, anayeacha nafasi, anayeimba, ni yule mwenye fimbo mbili na vyuma. Ukishalisikia hilo, usingizi utakuisha.

Piano nayo ilikuwa hatari. Vibrafoni na piano zote zinaweza kupiga kodi, yaani noti kadhaa kwa mpigo mmoja (kodi za muziki, si za TRA), na zikipiga pamoja bila kupeana nafasi, katikati panajaa tope. Hank Jones anadonoa, kisha anakaa kimya. Ni kaka yake Elvin Jones, mpiga drams aliyejiunga na Coltrane mwaka uliofuata, ila hawa ndugu hawafanani hata kidogo kwa kelele.

Ukitaka kupiga pamoja nao, angalia mambo haya. Wewe una alto, Coltrane ana tenor. Noti iliyoandikwa D, kwenye tenor inatoka C, kwenye alto yako inatoka F. Ukichukua karatasi ya Coltrane na kuipiga ilivyo, utakuwa umehama kabisa. Ili uendane na vibrafoni: Jackson akipiga C, wewe bonyeza A, akipiga F, bonyeza D, akipiga B flati, bonyeza G.

Siku ukikutana na vibrafoni ya kweli, kumbuka haisogei. Mabamba yalichongwa kiwandani, hakuna skrubu ya kuyakaza. Anayesogea ni wewe. Kwenye joto la Dar saksafoni inapanda juu, basi vuta kipulizio nje kidogo kwenye koki, ile gizibo ya shingoni mwa saksafoni, milimita moja moja, huku ukisikiliza. Chumba chenye kiyoyozi kitakurudisha ndani.

Programu za kupunguza kasi zinasaidia, lakini ukishuka chini ya nusu ya kasi vibrafoni inaanza kukwaruza, na ule mtetemo unapungua kasi pamoja na wimbo, kwa hiyo usije ukauiga ukidhani ndivyo Jackson alivyoutega.

Anza na "The Late Late Blues". Ni bluzi, duru moja ni hatua 12 za mapigo manne manne, yaani 48. Hesabu kwa vidole gotini ukifuata besi ya Chambers, mpaka uweze kusema duru mpya inaanzia wapi bila kuhesabu. Halafu chukua duru mbili za Jackson uziimbe kwa mdomo, pamoja na kimya chake. Saksafoni iache kwenye boksi mpaka hapo.

Mjomba wako