Kabla Hujaweka Nafasi Jambiani na Mtoto Mchanga

Swali tunaloulizwa mara nyingi kwenye simu ya nyumba yetu ya wageni hapa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ni hili: "Dada, mtoto wangu ana miezi minne. Nije naye, au nisubiri akue?"

Njoo naye. Ila usije na ratiba ile uliyokuja nayo zamani, kabla hujawa mzazi. Tumepokea familia nyingi kutoka Dar, Morogoro na Arusha zikiwa kwenye safari yao ya kwanza na mtoto. Wanaoondoka wamepumzika ni wale waliokubali mambo mawili yawaamulie siku: usingizi wa mtoto na maji ya bahari.

Kwanza umri. Mzazi aliye ndani ya arobaini tunamwomba asubiri, hata kama ameshalipa. Pesa yake tutamtunzia mpaka siku atakayoichagua. Mwili wake bado haujarudi, na mtoto bado hajapata chanjo za wiki ya sita. Tena mtoto wa miezi miwili mitatu akipata homa hafai kusubiri mpaka kesho, na kutoka hapa mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja mjini ni zaidi ya saa moja kwa gari. Kwa maoni yetu umri mzuri ni kati ya miezi minne na minane. Shingo imeshakaza, na bado hajaanza kutambaa huku na huku akitia mchanga na makombe mdomoni.

Kuhusu majira, masika tunakushauri uyaruke: mvua ni nyingi na mbu wanazaliana. Juni hadi Agosti usiku ni wa baridi nzuri, mtoto analala bila kutoka jasho, lakini kusi likivuma boti huruka sana. Januari na Februari joto ni kali. Sisi tunapenda Septemba kuelekea Oktoba, kusi likiwa limelegea na vuli haijashika.

Boti kutoka Dar huchukua kama saa mbili. Kaa sehemu ya chini, katikati au nyuma, maana mbele ndiko kunakorushwa zaidi. Mnyonyeshe mkiwa mmeshatulia kwenye viti, usisubiri mpaka alie. Dawa ya kichefuchefu ya watu wazima usimpe kabisa. Ukiweza kumudu ndege, ni kama dakika 20 tu angani. Ikianza kushuka mpe ziwa, maana kumeza ndiko kunakomfungulia masikio.

Kutoka bandarini mpaka kwetu ndipo wazazi wengi wanapolegeza. Mtoto anapakatwa kiti cha mbele, eti barabara ni tulivu. Gari likifunga breki ghafla, hakuna mikono inayoweza kumzuia. Teksi nyingi za hapa hazina kiti cha mtoto, kwa hiyo njoo na chako, au tuambie mapema dereva wetu aje nacho. Siku hiyohiyo mnaweza kusimama Jozani, kwa kuwa msitu uko njiani na una kivuli, na kima punju huwa wanaonekana hata karibu na barabara. Hiyo ndiyo matembezi yenu ya safari hii. Shamba la viungo na Mji Mkongwe viko mbali kiasi cha kula usingizi wa mchana wa mtoto, na mashua za kwenda kuwaona pomboo Kizimkazi ni ndogo, jua ni la utosini, na jaketi la kuokolea maisha la kipimo cha mtoto mchanga si rahisi kulipata. Viacheni. Vitakuwepo mtakaporudi naye akiwa anatembea.

Sasa maji, kwa sababu hapa ndipo mgeni wa mara ya kwanza anaposhangaa. Pwani hii ya mashariki bahari hupwa mbali sana. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, asubuhi kwenye saa nne utakuta mchanga mtupu na vidimbwi mpaka karibu na mwamba, na akina mama wakienda kwenye mashamba yao ya mwani. Mgeni anadhani amedanganywa kwenye picha. Kisha maji yanarudi, na kwenye saa kumi alasiri yamejaa.

Kwa familia yenye mtoto mchanga, siku hizo za bamvua ni neema. Mtoto ameshalala mchana, jua limeinama, na maji yanayoingia yamepita juu ya mchanga uliochomwa na jua tangu asubuhi, hivyo yanafika ufukweni yakiwa vuguvugu kama ya kuogea nyumbani. Mama anakaa maji yakimfika kiunoni, mtoto mapajani, baba pembeni na kanga kavu. Dakika tano zinatosha, mara ya kwanza hata tatu. Midomo ikianza kutetemeka, au akinyamaza ghafla na kukunja ngumi, mtoe, mfunike.

Siku za maji mafu, kama wiki moja baada ya bamvua, bahari haiendi mbali, lakini hujaa kwenye saa nne asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuuma. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo saa iliyofaa Jumatatu haitafaa Ijumaa. Ndiyo maana tunauliza tarehe zako kabla ya kukushauri siku ngapi ukae.

Kati ya saa nne na saa kumi mtoto asiwe ufukweni, hata chini ya mwavuli. Mchanga wetu ni mweupe na hurudisha mwanga kutoka chini, kwa hiyo kivuli cha juu peke yake hakimkingi. Aliye chini ya miezi sita usimpake mafuta ya kuzuia jua. Mvike nguo nyepesi ya mikono mirefu na kofia, mkae barazani.

Anayenyonya tu, chini ya miezi sita, hahitaji maji ya kunywa hata kwenye joto hili, na dafu usimwonjeshe hata tone. Madafu ni ya mama, na tutamletea kila atakapotaka. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi kuliko nyumbani. Kama anatumia maziwa ya kopo, jikoni tunachemsha maji na vyombo vyake asubuhi na jioni. Maziwa yakibaki kwenye chupa, mwaga. Kwa aliyeanza kula tunapika uji, viazi na samaki aliyetolewa miiba kwa mkono, bila chumvi. Maji yetu ya bomba yana uchumvi kidogo, hivyo baada ya bahari tunamwogesha mtoto kwa maji matamu, kwenye beseni lake.

Usiku alale ndani ya chandarua chenye dawa. Malaria Unguja ni kidogo kuliko sehemu nyingi za bara, lakini haijaisha, na huenda mtoto amekuja nayo kutoka kwenu. Akipata homa apimwe siku hiyohiyo. Kijijini kuna kituo cha afya, na Makunduchi kuna hospitali. Njoo na kadi yake ya kliniki, kipimajoto, pakiti kadhaa za ORS (unga wa kumrudishia maji mwilini akiharisha), na pampasi za siku mbili tatu za kwanza. Nyingine tutakununulia ili usibebe mzigo.

Vyumba tunavyowapa wenye watoto wachanga ni viwili vya chini, upande wa nyuma, ambako upepo unafika lakini sauti za wageni wengine hazifiki. Kitanda kidogo na chandarua chake havina malipo ya ziada. Usilipe chochote kwanza. Tutumie umri wa mtoto, saa anazolala mchana, na tarehe mbili au tatu zinazokufaa. Tutakujibu na jedwali la saa za maji kwa kila tarehe, na kama siku ulizochagua maji yatajaa wakati wa jua kali, tutakwambia usogeze mbele siku kadhaa.