Reksini iitwe reksini

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu nianze kushona, mwaka wa kumi na tisa huu, na sijawahi kuwaandikia. Makala yenu kuhusu mbunifu wa Uingereza, Stella McCartney, imenishinda kunyamaza.

Mliandika kwamba nguo zake hazina kitu cha mnyama hata kidogo. Si kweli. Tangu aanzishe kampuni yake mwaka 2001 hatumii ngozi wala manyoya, na kwa msimamo huo namheshimu sana. Lakini sufu ya kondoo anatumia.

Kilichoniuma hasa ni kuita kila kinachofanana na ngozi "ngozi ya mimea". Yeye mwaka 2021 alionyesha nguo zilizotokana na nyuzi za uyoga, sawa. Inayouzwa hapa Tabora ni reksini, kitambaa kilichopakwa plastiki. Wiki ile ile makala yenu ilipotoka, kijana aliniletea koti nimbadilishie zipu. Kwa kuwa reksini hunata, nilipaka poda chini ya mguu wa cherehani, nikashona taratibu nikizungusha gurudumu kwa mkono. Kulivuta tu, likachanika kufuata matundu ya sindano, kama unavyochana stempu, na maganda meusi yakanigandia viganjani. Kijana akapiga kelele mbele ya wateja wangu kwamba nimemharibia ngozi. Namwambia mwanangu, hii ni plastiki, ananionyesha gazeti lenu kwenye simu! Nikamlipa elfu arobaini, pesa ya wiki nzima, kwa uongo wa mtu aliyemuuzia na kwa uzembe wa kalamu yenu.

Na pamba je? Igunga na Nzega wanailima, lakini nyingi ya nchi hii huuzwa nje hata haijasokotwa, halafu sisi mafundi tunanunua polista. Pamba haina mnyama, na bibi zetu waliivaa bila kufundishwa na mtu wa London. Hilo hamjaliandika.

Naomba wauzaji wote wa soko kuu washone ndani ya kila koti, mkoba na kiatu kipande cheupe cha upana wa vidole viwili, kiandikwe kwa wino usiofutika: ngozi, reksini au pamba. Vipande nitavikata mimi kutoka mabaki yangu, bure. Waje Jumamosi asubuhi, kabla sijapata wateja.

Fundi cherehani,
Kanyenye, Tabora