Mwanangu, usimnunue yule mkesha

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Kakamega. Baba yako hajambo, nyanya yako kifua kimempungua, na mvua imeanza kunyesha vizuri. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema kuna mtu hapo Nakuru amekuahidi mkesha dume, yule ndege mwimbaji, umtundike kwenye kizimba barazani awe anakuimbia asubuhi, na unaniuliza kama atakula mchele. Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu ili usome polepole, na usome kabla hujamtumia huyo mtu hata shilingi moja.

Nakuelewa, baba. Umekua ukiamshwa na ndege huyo kabla hakujapambazuka, na sasa unaamshwa na honi za matatu. Kuitamani sauti yake si vibaya hata kidogo.

Lakini mchele hapana. Mkesha hali nafaka. Jana mvua ilipokatika nilimtazama mmoja pale chini ya migomba. Alikimbia hatua chache, akasimama wima, akainamisha kichwa upande mmoja, halafu akadunga udongo na kuanza kuvuta nyungunyungu. Yule nyungunyungu alinyooka mpaka akawa mwembamba kama uzi. Ndege akarudi nyuma kidogo bila kumwachia, akavuta tena, akamtoa mzima. Akameza, kisha akaanza kupekua majani makavu, akiyarusha moja huku moja kule, mpaka akapata kiwavi. Hivyo ndivyo anavyoshinda: nyungunyungu, viwavi, panzi, konokono wadogo, na matunda laini kama mapera yaliyoiva, papai na forosadi. Wewe hapo gorofani, unayetoka alfajiri na kurudi usiku, nani atakuchimbia nyungunyungu? Na ndege anayekula vyakula vya majimaji hunya majimaji. Kizimba chake kisiposafishwa kila siku, miguu inaugua, na chakula kilichobaki kinachacha kabla ya jioni.

Tena huyo anayeuziwa watu kwa kawaida ametoka porini, amenaswa kwa mtego au ulimbo. Ndege mzima wa porini ukimfungia hajui waya ni nini. Hujirusha, anajigonga paji la uso mpaka damu inatoka, manyoya ya mkia yanavunjika, na wengi hugoma kula wakafa katika siku za mwanzo. Muuzaji atakuwa ameshaenda na pesa zako.

Labda atakwambia wake ni kinda aliyelelewa kwa mkono, amezoea watu. Hapo ndipo nataka unisikilize zaidi. Dume anaimba ili madume wengine wajue eneo lina mwenyewe, na ili jike asikie aje. Wimbo wenyewe kinda hazaliwi nao ukiwa kamili. Anajifunza kwa kuwasikiliza wakubwa wa aina yake, kuanzia angali mdogo sana. Ukimtoa kiotani na kumlea peke yake ndani ya chumba, utapata ndege anayetoa vipande vipande visivyoshikana. Ile sauti unayoikumbuka, inayopanda, inayorudia kipande kimoja mara mbili tatu kabla ya kuingia kingine, ndege alifundishwa na mkesha mwenzake juu ya mti. Hata aliyejifunza vizuri haimbi mwaka mzima. Huimba sana majira ya kuzaa, na akibadilisha manyoya hunyamaza.

Ulinitumia pia ile video ya mashindano ya Indonesia, vizimba vimetundikwa safu kwa safu na waamuzi wakipita chini na karatasi zao. Ndege wenyewe ni wazuri, siwezi kukataa, na wale watu wanawapenda kweli. Wapo wanaowafuga kizazi baada ya kizazi na kuwavalisha pete mguuni tangu wakiwa makinda ili ijulikane hawakukamatwa msituni. Lakini angalia upande wa pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba kaya moja kati ya kila tatu katika kisiwa cha Java inafuga ndege, jumla yao zaidi ya milioni 60. Kuna misitu kule ambayo miti ipo lakini waimbaji wamekwisha. Shama, yule mweusi mwenye tumbo la rangi ya chungwa na mkia mrefu uliyempenda, biashara yake ya kimataifa ilibidi iwekewe masharti na nchi za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, zilipokutana Panama mwaka 2022. Sitaki hayo yaanze kwetu, na yakianza yataanza na mtu mmoja kumlipa mtegaji mmoja.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuzungumzia ndovu na simba peke yao. Kumweka ndege wa porini bila kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, ni kosa, na huyo mtu hana kibali cha kukupa. Ukikamatwa naye, kesi itakuwa yako pia.

Sasa, sauti utaipata vipi? Nakuru ina mikesha wake, wale wa nyanda za juu wenye mdomo wa rangi ya chungwa na tumbo lililokolea kuliko hawa wetu. Ukiwapa sababu ya kuja, watakuja. Zungumza na keateka, yule mtunza ploti, umwombe ile kona nyuma ya tangi la maji isifagiliwe, majani yaachwe yaoze, na dawa ya wadudu isipulizwe hapo. Weka karai la maji yasiyozidi vidole viwili, ulitie jiwe katikati, maana mkesha hupenda kuoga kila siku. Maji yabadilishwe, yasizae mbu. Papai likilainika kupita kiasi usilitupe, likate nusu uliweke juu ya ukuta mahali paka hapafiki.

Wakizoea, huenda wakajenga kwenye tawi lenye panda. Kiota chao ni bakuli la nyasi na mizizi lililokandikwa kwa matope, mayai mawili au matatu. Makinda hutoka kabla hawajaweza kuruka vizuri, kwa hiyo ukimkuta mmoja chini, mwenye manyoya na mkia mfupi, usimbebe nyumbani ukidhani ametupwa. Mpandishe kwenye tawi, waondoe watoto wa ploti wakacheze kwingine, na mzazi atakuja na chakula mdomoni. Waeleze na hao watoto, watakusaidia kulinda kuliko keateka.

Nimechipusha miche miwili ya mforosadi kwenye mikebe. Mjomba wako anapita Nakuru wiki ijayo na gari la mahindi, atakuachia pale stendi. Uipande mvua hii hii, na mwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza. Akikataa nijulishe, tutatafuta mtu mwenye shamba karibu na wewe.

Huyo mtu wa kizimba mpigie leo umwambie hapana.

Ni mimi mama yako.